Fremu ya Kaboni kwa Nusu Bei: Nilivyopima Nikiwa Mtwara

Fremu ya kaboni ikiuzwa nusu bei, ujue kuna sababu. Sababu hiyo inaweza isikuguse kabisa, na hapo umepata mali. Inaweza pia kuwa ndiyo itakayokukera kila ukitoka na baiskeli. Mimi suala hili lilinikalisha karibu msimu mzima wa kusi, nikiuliza watu, nikipima kwa tepu na kupiga hesabu upya. Naandika kwa ajili ya waendesha baiskeli wenzangu wa huku Kusini, maana najua picha za matangazo ya fremu kama hiyo zinawafikia kwenye simu zao kama ilivyonifikia mimi.

Kwanza mjue naendesha nini na wapi. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya alumini, mtumba wa Japani, niliinunua Dar ikaja Mtwara kwenye buti la basi. Breki zake ni zile za kubana ringi. Ekseli ya katikati, pale pedeli zinapozungukia, ni ya thredi, na fundi mwenye kifaa chake anaifungua na kuifunga bila kuhangaika. Naamka alfajiri, natoka Shangani, napita Magomeni, naingia Mikindani jua likiwa bado halijakolea. Nikiwa na nafasi naendelea kupanda kuelekea Mpapura. Zikipatana siku mbili za mapumziko naenda mpaka Lindi, kilomita mia moja na kidogo, nalala kwa rafiki yangu na kurudi kesho yake.

Barabara hiyo ina lami, lakini ina wenyewe. Malori ya saruji yanatoka kiwandani kwa Dangote, na malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma kuja bandarini. Lori likija nyuma yako na lingine mbele yako, baiskeli haina haki hapo, unashuka pembeni. Na pembeni, sehemu nyingi, ukingo wa lami umemeguka na chini yake kuna mchanga na kokoto. Kumbukeni hilo, maana mwishoni ndilo lililoamua mambo.

Fremu yenyewe ilikuwa kwa muuzaji wa Dar. Kaboni, nyekundu iliyokolea, na foki yake, bomba la siti lake na bakuli za usukani. Saizi 56. Bei ya awali aliyoiandika ilikuwa Sh 3,100,000, akaikata kwa mstari, chini yake 1,450,000. Maelezo yake: mpya kabisa, haijawahi kufungwa.

Nilipomwonyesha mama watoto, aliitazama ile picha kwa makini kuliko nilivyotegemea, akaniuliza, "Hii unayoendesha sasa imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika. "Basi niambie hii inaongeza nini, nikuelewe." Hakuwa anakataa. Kwetu fedha ina majira. Minada ya korosho ikianza Oktoba nyumba inapumua, na miezi ya kusi ndiyo miezi ya kulipa vibarua wa kupulizia mikorosho. Milioni na nusu katika miezi hiyo ni shamba. Kwa hiyo swali lake nililichukua kama lilivyo, nikakaa chini kulijibu.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hutaja ni uzito. Fremu nzuri ya kaboni ina uzito wa kama kilo moja, nyingine chini ya hapo. Yangu ya alumini ni karibu kilo moja na nusu. Ukijumlisha na tofauti ya foki, ningepunguza kama gramu 600. Sasa tazama. Mimi nina kilo 72, baiskeli kilo tisa na nusu, chupa mbili za maji na vifaa vinafika kilo mbili. Jumla kilo 83 na nusu. Gramu 600 ndani ya mzigo huo haifiki hata asilimia moja. Kwenye mlima wa dakika ishirini, kama ule wa kupandia Newala ukitokea upande wa Masasi, tofauti hiyo inaleta sekunde nane au tisa. Kwa anayeshindana, sekunde tisa ni ushindi. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, limeweka kiwango cha chini cha kilo 6.8 kwa baiskeli ya mashindano tangu mwaka 2000, na wanaolipwa kuendesha wanapigania gramu kufika hapo. Mimi barabara yangu kubwa ni ya pwani, na adui yangu ni upepo. Ukienda Lindi wakati wa kusi unasukumwa mgongoni, unajiona bingwa. Ukirudi, upepo wa baharini unakukalia kifuani kilomita zote mia. Pale gramu 600 haisaidii chochote. Kinachosaidia ni kuinama vizuri na kuvaa nguo isiyopepea.

La pili ni ulaini. Hili nalo lina ukweli. Kaboni ni nyuzi nyembamba sana zilizolazwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa gundi ya epoksi, na mtengenezaji anaweza kuamua kila tabaka lielekee wapi, kama msukaji wa mkeka anavyoamua ukili upite juu au chini. Kwa hiyo anaweza kuifanya sehemu ya pedeli iwe ngumu isiyonesa, na sehemu ya kukalia iwe inalegea kidogo kumeza mitikisiko. Bomba la chuma au alumini halikupi uhuru huo wote. Lakini ukiuliza ni kitu gani kinameza mitikisiko zaidi kwenye baiskeli, jibu ni upepo uliomo ndani ya tairi. Tairi la milimita 25 kwa uzito wangu linataka kama psi 90 ili lisijigonge kwenye ringi. La milimita 28 linatosheka na psi 70 na kitu. Tofauti hiyo unaisikia mikononi na kiunoni ukimaliza saa nne barabarani, na unaipata kwa bei ya tairi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza kwa nini ile fremu imeshuka bei.

Sababu moja niliijua. UCI iliruhusu rasmi breki za diski kwenye mbio za barabarani Julai 2018, na baada ya hapo kampuni kubwa zikahamishia fremu zao mpya za bei ya juu kwenye diski. Fremu za kaboni za breki za ringi zikabaki kwenye maghala, nzuri tu, ila soko limezipita. Kwangu sababu hiyo ilikuwa neema. Ringi zangu zina ekseli ya kawaida ya milimita 130 nyuma. Zingeingia kwenye fremu hiyo bila kubadili chochote. Ingekuwa fremu ya diski, ekseli ni zile nene za kupenyeza, upana milimita 142, ningehitaji ringi mpya, breki mpya, pengine hata vishikio vipya vya breki. Ukiona fremu ya diski ya bei nafuu na wewe una baiskeli ya breki za ringi, elewa kwamba unanunua baiskeli nzima kwa mafungu. Hii haikuwa hivyo, nikafurahi.

Sababu ya pili ilikuwa saizi. Duka likibaki na fremu za mwisho, mara nyingi hubaki na kubwa sana na ndogo sana, kwa sababu za katikati ndizo zinazoisha. Mimi naendesha 54. Muuzaji aliniambia, "Kaka, 54 na 56 ni kitu kimoja, utaweka stemu fupi," yaani kile kipande kinachounganisha usukani na foki. Niliomba jedwali la vipimo la mtengenezaji, nikatandika baiskeli yangu sebuleni nikaipima kwa tepu. Namba zenye maana ni mbili: kimo, yaani kutoka ekseli ya pedeli kwenda juu mpaka mdomo wa bomba la usukani, na urefu, yaani kutoka hapo hapo kwenda mbele. Ile 56 ilikuwa juu zaidi kwa milimita 20 na mbele zaidi kwa milimita saba. Ya mbele unaweza kuikata kwa stemu fupi. Ya juu, kama wewe unapenda kuinama kama mimi kwa ajili ya ule upepo wa kurudi, huwezi kuishusha chini ya mahali bomba lilipoishia. Kwa hiyo haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa inawezekana, kwa kulazimisha.

Sababu ya tatu sikuambiwa. Niliikuta.

Foki mpya huja na shina refu, kama sentimita 30, lile bomba linalopita ndani ya fremu na kutokeza juu ambako stemu inabana. Anayefunga baiskeli ndiye hulikata kwa kipimo cha mpandaji. Fremu ambayo haijawahi kufungwa, shina lake halijakatwa. Nilimwomba muuzaji anipigie picha ya shina peke yake, mwangaza ukiwa mzuri. Picha ikaja. Shina limekatwa, na karibu na ncha kulikuwa na pete mbili hafifu, alama za stemu iliyobana. Nikamwandikia kwa adabu: hii ilishafungwa. Alikaa siku nzima bila kujibu, kisha akasema ndiyo, ilifungwa kwa ajili ya kuonyesha dukani, ikavuliwa vifaa, haijatembea barabarani. Na akateremsha mpaka 1,250,000 bila mimi kumwomba.

Inawezekana alisema kweli. Baiskeli za maonyesho zipo. Ila pale mambo mawili yalibadilika. Kwanza, shina likishakatwa halirefuki. Aliyelikata ndiye aliyeamua usukani wako utaishia wapi. Pili, dhamana. Kampuni nyingi hutoa dhamana ya fremu kwa mnunuzi wa kwanza aliyenunua kwa wakala wao, mwenye risiti. Nilimwuliza kama ana risiti ya namna hiyo. Hakuwa nayo. Kwa hiyo ikibainika ufa, ni wangu.

Na ufa wa kaboni una tabia yake. Chuma kikipigwa kinabonyea, unakiona. Kaboni inaweza kupigwa kwa nje ikabaki na rangi nzima, kumbe tabaka za ndani zimeachana. Haichoki kwa kutumika kama alumini inavyochoka, na ikitunzwa inadumu miaka mingi, hilo liwekwe wazi kwa sababu wapo wanaoisingizia. Lakini haipendi pigo la sehemu moja, na haipendi kubanwa kupita kiasi. Ndiyo maana stemu na kibano cha siti vinaandikwa kipimo cha nguvu ya kukaza, aghalabu Nm 5, na vinafungwa kwa spana yenye kipimo. Mkono wa fundi aliyezoea kufunga karia za Phoenix unapita hapo bila yeye kujua. Wataalamu wa kuziba kaboni wapo duniani, wanapima hata kwa mawimbi ya sauti kujua ufa umefika wapi. Huku kwetu mimi simjui mmoja.

Nilikwenda na picha zote kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Chikongola anayefunga baiskeli tangu nikiwa mwanafunzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo simu ina nini leo?"

Akavaa miwani. Hakutazama rangi wala maandishi. Alikuza picha ya tundu la ekseli ya katikati, akakaa nayo muda. "Thredi ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba hazipo. Fremu hiyo ilikuwa na mfumo wa kushindilia, BB86, upana wa milimita 86.5, bakuli za bearing zinaingizwa kwa kubanwa na presi pande mbili, taratibu, zikae sawasawa.

"Presi unayo?"

"Sina."

"Na mimi sina. Kwenye chuma ningeweka kipande cha mti nikagonga kwa nyundo, ikaingia. Kwenye kitu hiki usiniambie nigonge. Ikipasuka nitakulipa na nini?"

Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo. Watu wengi wangekubali kazi.

Kisha akanikumbusha bomba la siti. Baiskeli yangu ilikuja na bomba la siti la kaboni ndani ya fremu ya alumini, na baada ya muda wa kuendesha huku pwani lilikataa kutoka. Tulilihangaikia pale pale kijiweni kwake. Alimimina mafuta ya kulainisha, tukaliacha lilale, kesho yake tukageuza baiskeli miguu juu, akabana kichwa cha bomba kwenye jiriwa, mimi nikashika fremu kwa mikono miwili kama usukani wa jahazi nikawa nazungusha, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ilikuwa inalia. Lilipoachia lilitoka limejaa unga mweupe mgumu, umeshikana kama chokaa kwenye kuta za ndani za fremu. Mzee aliuparua kwa bisibisi akauonja kwa ncha ya kidole, akatema. "Hii siyo kutu," alisema. "Alumini yenyewe imeliwa."

Alikuwa sahihi. Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na alumini palipo na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga ule mweupe ni mabaki yake. Na huku kwetu chumvi haikosekani. Mtwara na Lindi zote watu wanavuna chumvi pwani, na hewa ya asubuhi ukipita kandokando ya ghuba ya Mikindani unailamba midomoni. Kwa hiyo usemi kwamba kaboni haishiki kutu ni kweli nusu. Kaboni yenyewe haishiki. Lakini ndani ya fremu ya kaboni kuna vipande vya alumini: sehemu za kufungia chupa, mara nyingine pale ringi inapokaa, na vikombe vya bearing. Anayekaa Dodoma anaweza kusahau bomba lake la siti miaka. Anayekaa Mtwara alitoe kila baada ya wiki chache, alifute, alipake ile krimu maalumu ya kaboni yenye chembechembe, alirudishe. Grisi ya kawaida wataalamu hawaishauri kwenye kaboni, kwani bomba linateleza na wewe unaishia kulikaza kupita kipimo.

Nikapiga hesabu ya vile vitakavyoongezeka. Bearing za BB86, ambazo kwa bahati zinapokea kranki yangu ya Shimano ya milimita 24. Kazi ya kushindilia, ambayo maana yake ni kuifungia Dar kabla haijasafiri. Kihamisha gia cha mbele, kwa sababu changu kinabana bomba la duara na fremu ile inataka cha kufungwa kwa boliti. Waya na mipira mipya kwa kuwa zinapita ndani. Spana yenye kipimo na krimu. Usafiri wa basi, na kumlipa mtu aifunge kwa maboksi na magodoro ili mizigo isiilalie. Ilikaribia laki nne na nusu juu ya bei. Bado punguzo lilikuwepo, sikatai, ila lilikuwa limepungua sana.

Hapa niongeze jambo kwa wale wanaofikiri kuagiza wenyewe kutoka nje, ambako bei ni ya chini zaidi. Bei ya kwenye tangazo ni ya huko. Mzigo ukifika unatozwa ushuru wa forodha kwa kuhesabu bei pamoja na usafiri na bima, na juu yake VAT ya asilimia 18. Na fremu isiyokufaa kuirudisha Ulaya au China ni gharama ambayo itameza punguzo lote. Tena kwa bei zilizo chini kupita kiasi kuna fremu bandia zenye maandishi ya kampuni kubwa. Kwenye kitu kinachobeba shingo yako ukishuka mlima kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, hapo sina mjadala na mtu.

Na vipuri. Mwezi Mei 2024 barabara ya Dar kuja Lindi ilipokatika kwa mvua maeneo ya Somanga, sisi huku tulijua maana ya kuwa mbali. Kitu cha thredi unakipata Mtwara sokoni, au unakitoa kwenye baiskeli nyingine. Bearing ya kushindilia yenye kipimo chake unaisubiri basi.

Bado sikuwa nimeamua. Kilichonikatia shauri ni nafasi ya tairi. Nilimwuliza muuzaji tairi pana kabisa linaloingia, akanitumia maelezo ya mtengenezaji: milimita 25. Alumini yangu inapokea 28. Nikajiuliza swali moja tu, kwamba malori mawili yakikutana juu yangu pale mbele ya Mikindani nikalazimika kuruka ukingo wa lami, nataka niwe kwenye tairi lipi. Fremu ile ilitengenezwa kwa barabara zisizomeguka. Kwa barabara hizo ni fremu bora. Barabara yangu inataka upana, na upana ndicho kitu kimoja ambacho fremu ikikunyima hakuna fundi wa kukuongezea.

Nikamwandikia muuzaji nikamshukuru. Kisha nikampigia rafiki yangu wa Lindi nikamweleza kila kitu, pamoja na shina lililokatwa.

Yeye ni mrefu. Saizi yake ni 56 hasa, na anaendesha amekaa juu kwa ajili ya mgongo wake, kwa hiyo zile milimita 20 zilizokuwa kero kwangu kwake zilikuwa dawa. Alikuwa na safari yake ya Dar. Akaenda kuiona kwa macho, na namna alivyoikagua ndiyo namna ambayo ningependa kila mtu aifuate. Alifika mchana, akaomba waitoe nje juani. Alipitisha kidole taratibu chini ya bomba la chini, ambako kokoto hupiga, na kuzunguka pale mabomba yanapokutana na ekseli. Akamulika tochi ndani ya tundu la siti na ndani ya tundu la ekseli, akitafuta nyuzi zilizochomoza au mikunjo. Akachukua sarafu akagongagonga bomba lote kwa umbali wa vidole viwili viwili, akisikiliza. Sauti inatakiwa iwe kavu na ile ile, ikibadilika ghafla ikawa bubu mahali pamoja, pana shaka. Akatoa foki yote nje ya fremu na kulitazama shina kuanzia juu mpaka chini kwenye shingo, kwa sababu shina likikatika usukani unabaki mkononi. Kisha akapima kilichobaki cha shina kwa stemu yake mwenyewe aliyoibeba kwenye begi. Lilitosha, na nafasi ya sentimita mbili juu.

Aliinunua kwa 1,200,000. Bearing zikashindiliwa huko huko Dar, kwa presi, na aliondoka nayo ikiwa imefungwa.

Nimeiendesha. Alinipa tukiwa Lindi, nikaenda nayo mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Ni nzuri mno. Ukikanyaga inaitika hapo hapo, na kwenye lami yenye ukoko ule mtetemo wa kidole gumba ambao kwenye alumini yangu haukosi, haukuwepo. Nilijihisi nimenyooshwa kidogo, mabega yakawa yanavuta, lakini kwa safari ile moja nilielewa kwa nini watu wanauza shamba. Yeye njia yake kubwa ni Mnazi Mmoja kwenda Mtama, na hatoki na baiskeli wakati malori ni mengi. Bomba la siti analitoa mara kwa mara. Spana yenye kipimo ni yangu, tunaazimana.

Kwa upande wangu, sehemu ya fedha ilikwenda kwenye spana hiyo, tairi mbili nzuri za milimita 28, cheni na gololi mpya za usukani. Bomba la siti la kaboni nimeliweka pembeni, nikanunua la alumini la milimita 27.2, la duara, linaloingia kwenye fremu nyingi. Iliyobaki ilikwenda kwenye mikorosho, na mama watoto aliandika kwenye daftari lake.

Kaboni bado naitaka. Naitaka ya saizi 54, ekseli ya thredi, bomba la siti la duara la 27.2, shina halijakatwa au limekatwa kwa kipimo ninachokijua, na nafasi ya tairi isiyopungua milimita 28, heri 30. Ikiwa na waya za kupita nje nitashukuru. Rangi yoyote. Ikipatikana ya namna hiyo, hata bila punguzo kubwa, minada ikishafanyika nitapanda basi niende kuiona mwenyewe, na sarafu yangu mfukoni.